Sahani ya kwanza hutoka nje

Kibokoni, Mombasa
Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku sote wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zilichelewa, zimeanza juzi, na embe za kwanza zimeshaingia Marikiti ingawa bei yake bado haishikiki.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia habari za boga na oveni. Mara ya tatu ndipo nilipolisikia swali lenyewe, lile ulilolitia mwishoni ukishusha sauti. Nakujibu kwa barua kwa sababu nikikuzungumzia jambo hili kwenye simu nitalia, nawe utalia, na hakuna atakayepata jibu.

Umeniambia miti ya Minnesota ilibadilika rangi, ikapukutika, na sasa imebaki mifupa mitupu. Umesema yule bibi mzee mnayefanya kazi pamoja amekualika nyumbani kwake Alhamisi ya nne ya mwezi huu, siku yao ya kushukuru. Kila mgeni huja na kitu alichooka mwenyewe, na kabla ya kula kila mmoja hutaja jambo moja analolishukuru. Ukaniuliza uende na nini. Ukaniuliza kwa nini sisi hatuna siku kama hiyo. Halafu ukauliza utashukuru nini mwaka huu, na babako hayupo.

Naanza na jiko, maana hapo nina hakika zaidi.

Umesema nyumba za huko siku hizi zinanuka mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi, na kwamba harufu hiyo inakuliza wala hujui kwa nini. Mwanangu, hiyo ni harufu ya nyumba yetu. Umezaliwa ndani yake. Karafuu zinaanikwa kwenye majamvi Pemba hadi leo, na pilau ya nyanyako haikuwahi kupikwa bila mdalasini. Lakini boga, asili yake ni upande huo wa dunia ulipo, sawa na mahindi na muhogo. Vilitufikia kwa bahari zamani, tukavitia tui, vikawa vyetu. Kwa hivyo usione haya kuingia kwa watu na mkate wa boga. Wao wameweka viungo vya pande zetu ndani ya boga lao, na wewe utaweka boga lao ndani ya mkate wa kwenu.

Pika mkate wa sinia. Mchele vikombe viwili, uoshe, uroweke usiku kucha. Usichukue ule mchele uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa, hausagiki ukalainika. Boga usilichemshe, litakunywa maji. Lipike kwa mvuke au lioke, uliponde, lipate nusu kikombe. Tui la kopo la huko ni zito, kikombe kimoja kinatosha, kwa sababu boga nalo lina maji yake. Saga mchele na tui hadi ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia hamira kijiko kimoja cha chai na sukari robo tatu ya kikombe, funika, acha pahali pa joto. Huko kwenu kwa baridi hiyo itachukua muda, usiuharakishe. Ukiona umeumuka na viputo vimejaa juu, tia boga, iliki, na ute wa yai moja ulioupiga ukawa povu. Iliki nunua punje, uitwange mwenyewe. Ya unga haina kitu.

Sufuria iwe na mafuta na iwe imeshapata moto kabla hujamimina. Ukimimina kwenye sufuria baridi utaganda chini. Uache juu ya moto mdogo hadi uone matundu yanafunguka, kisha uingize ndani ya oveni, nyuzi 350 za huko, ambazo kwetu ni kama 180. Dakika thelathini na tano uuchungulie. Ukiwa wa dhahabu juu na ukichoma kijiti kikatoka kikavu, umeiva.

Sisi hatukuwa na oveni, unakumbuka. Tulikuwa na seredani, na makaa juu na chini. Na kazi ya makaa ya juu ilikuwa ya babako. Wanaume wengine wa mtaa hawakukanyaga jikoni, lakini yeye macho ya nyanyako yalipoanza kuharibika kwa moshi alichukua koleo akasema, mama, hii sasa ni yangu. Alikuwa akipanga makaa juu ya kifuniko moja moja, pembeni mengi, katikati machache, ili mkate usiungue kitovuni. Anatoka bandarini amechoka, amesali magharibi, anachuchumaa pale na msuli wake, na wewe uko mgongoni kwake.

Sasa hilo la siku.

Nyanyako alikuwa na shamba Matuga, minazi na mahindi na muhogo kidogo. Mvua za masika zikiwa nzuri, mahindi yalivunwa mwezi wa nane. Mungu amesema katika Suratul An'am tutoe haki ya mazao siku ya kuyavuna, na wanazuoni wamelipanga: fungu moja katika kumi kama shamba limenyweshwa na mvua, moja katika ishirini kama umelinywesha kwa jasho lako. Lakini zaka hiyo haikuwajibikii mpaka mavuno yafike wasaki tano, ambazo ni kama kilo 650. Shamba la nyanyako halikufikia hapo hata mwaka mmoja. Na kila mwaka alitoa. Watoto wake walimwambia, mama, si wajibu juu yako. Akawajibu, mimi sikuuliza kama ni wajibu.

Hiyo ndiyo siku yetu, mwanangu. Ilikuwa siku ya gunia kufunguliwa, na siku ya chungu kuteremshwa, na ilikuja mara nyingi kwa mwaka. Katika nyumba ile sahani ya kwanza ilitoka nje. Mkate haukukatwa kwa ajili yetu mpaka kipande cha jirani kiwe kimefunikwa kwa kawa na mtoto ametumwa nacho. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba wake Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji awakumbuke jirani zake. Nyanyako hakujua kusoma, lakini hiyo aliijua kwa mikono.

Nataka nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka 1997 zile mvua za El Niño zilinyesha hadi tukasahau jua. Babako wakati huo alikuwa kibarua Kilindini, alipwa kwa siku aliyofanya kazi. Meli ya ngano au ya mbolea haipakuliwi mvua ikinyesha, mzigo huharibika, basi vibarua wanakaa chini ya paa wanangoja na jioni wanarudi mikono mitupu. Wiki moja, mbili, tatu. Makaa yalikuwa mabichi na ghali. Wewe ulikuwa na miaka minne. Ikafika siku ndani ya nyumba mna kibaba kimoja cha mchele, basi.

Nyanyako akauroweka. Akapika mkate mmoja mdogo. Na ulipoiva akaukata katikati, akaiweka nusu kwenye ile sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akaniambia nimpelekee mama wa chumba cha pili, yule mjane Mtaita, ambaye mtoto wake alikuwa na homa.

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwambia nyanyako, na hawa wetu je? Nilisema kwa sauti, na kuta za nyumba ile unazijua, kila kitu kilisikika upande wa pili. Nyanyako hakubishana. Alijitanda leso akapeleka mwenyewe, huku akipapasa ukuta kwa kuwa haoni vizuri. Mimi nilikaa pale na hasira yangu, na babako akaniangalia, hakunena neno. Alichukua kipande chake kwenye nusu iliyobaki akakigawa, kukupa wewe na ndugu yako.

Sahani ile ilikaa kule siku nyingi. Kwetu sahani hairudi tupu, na yule mama hakuwa na cha kuiwekea, basi aliona haya kuirudisha. Wala mimi sikumwondolea ile haya. Nilimpita uani kama sikumwona. Mvua zilipokatika, mwaka mpya umeshaingia, alirudi kutoka kwao Taita na mizigo, akagonga. Juu ya sahani ameweka chumvi na ndizi, na kwapani amebeba boga. Kanisani kwao mavuno yakiwa mazuri watu huyapeleka mbele ya altare, akasema, na hili alilibakisha kwa ajili ya nyumba yetu. Nyanyako alilipika kwa tui na iliki. Ulikula hadi ukalala na kijiko mkononi.

Nilipokea boga lile kwa mikono hii, na radhi sikumwomba.

Babako alipofariki mwezi wa Februari, ulikuja ukakaa siku saba tu, kazi haikukuruhusu zaidi, na siku zile ulikuwa huoni mbele. Nitakusimulia ulichokosa kukiona. Siku tatu za matanga jiko letu halikuwashwa. Sahani ziliingia. Pilau kutoka Kuze, samaki wa kupaka kutoka kwa watu wa bandarini aliokuwa akifanya nao kazi, mahamri kila alfajiri kutoka nyumba ambayo hata mlango wake siujui. Wakati nikiwa edani, miezi minne na siku kumi, hakuna Ijumaa iliyopita bila kawa mlangoni. Na yule mama Mtaita, ambaye sasa anaishi Voi, alipanda treni akaja, mzee kama mimi, na mfuko wa mahindi na kunde. Alikaa nami mkekani mchana kutwa. Nilitaka kumwambia habari ya ile siku ya mkate. Nilifungua kinywa mara mbili. Alikuwa amechoka kwa safari, akasinzia, nikamfunika leso, nikanyamaza.

Sasa nirudi kwa swali lako. Wiki za mwanzo mimi nilikuwa nikisema alhamdulillahi kwa sababu ulimi umezoea, na koo linafunga katikati ya neno. Sikudanganyi. Mtume amesema jambo la muumini ni la ajabu, likimfika jema hushukuru na likimfika la dhiki husubiri, na yote mawili ni kheri kwake. Hakusema anayesubiri haumwi. Kwa hivyo ukifika pale mezani na zamu yako ikija, huna haja ya kujifanya umeshapona.

Lakini amesema pia, asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi shukuru mtu. Mtaje babako kwa jina lake mbele ya wageni wale. Waambie mkate huu kwetu hupikwa kwa makaa juu na chini, na aliyekuwa akiyapanga ya juu ni baba yangu. Hilo ni jambo moja, na ni kweli, na halihitaji utabasamu ukilisema. Na ukishindwa kulisema, weka mkate mezani uketi. Yule bibi aliyekualika ni mtu mzima, ataelewa.

Kuhusu kula kwao: ulizia kwa upole maganda ya zile pai kama yametiwa mafuta ya nguruwe, wengine hutia. Na vile vitu vyeupe laini vya sukari wanavyoweka juu ya viazi vitamu vina jelatini, viache. Nyama muulize sheikh wa huko, mimi sina elimu hiyo. Mwambie mwenyeji mapema, usimwaibishe mezani.

Halafu jambo moja zaidi kuhusu mkate. Oka miwili. Umenieleza ghorofani kwako mlango wa kushoto anakaa kijana na mama yake mgonjwa, na mwaka mzima hamjasalimiana zaidi ya kichwa. Mmoja upeleke pale kabla hujatoka kwenda kwa bibi. Gonga, usiuache mlangoni. Uweke kwenye sahani ya kweli, si ya karatasi ya kutupwa, ili wawe na cha kukurudishia.

Ndugu yako anakusalimu, na shangazi yako wa Bondeni, na watoto wote wanauliza theluji inaliwa au hailiwi. Jumapili inshallah nikipata nafasi kwenye treni ya asubuhi nitakwenda Voi. Nimeshachagua boga.

Niandikie sahani imerudi na nini.

Mamako akupendaye