Usilipe kifurushi cha masaa kabla mamlaka yako ya anga haijakujibu kwa maandishi

Mkuu, usitume hiyo pesa. Umeandika kwamba PPL, leseni ya rubani binafsi, unayo, wakala amekupa kifurushi cha kujaza masaa Marekani, mnaruka wawili wawili kwenye Cessna 172 mkigawana gharama, "kila mmoja anaandika masaa yote", kisha unafanya mtihani wa CPL, leseni ya rubani wa kulipwa, na kurudi kutafuta kazi nyumbani. Anataka umlipe yote kabla ya mwisho wa mwezi ili upate punguzo. Unauliza uende Florida au Afrika Kusini, hali ya hewa ikoje, ndege ya aina gani, utalala wapi. Hayo yote yasubiri. Hayo maneno ya kila mmoja kuandika masaa yote ndiyo yaliyonikausha mimi, na nikiyaona yameandikwa tena kwa furaha namna hiyo damu inanichemka.

Mambo yenyewe huwa hivi. Mmoja wenu anavaa kifaa cha kumziba macho asione nje, anarusha ndege kwa kutazama vyombo tu. Sheria ya Marekani inataka pembeni yake awepo rubani mwingine mwenye leseni wa kuangalia nje msije mkagongana na wenzenu angani. Huyo ndiye rubani wa usalama. Aliyezibwa macho anaandika saa hiyo kama ya urubani mkuu kwenye logibuku, daftari lake la masaa, kwa sababu ndiye aliyeshika usukani peke yake. Wa pembeni naye, mkikubaliana kwamba dhamana ya safari ni yake, anaandika urubani mkuu kwa muda wote ambao mwenzake amezibwa. Ndege moja, saa moja, wakuu wawili. Kule ni halali kabisa, wala shule haikudanganyi inapokwambia kwamba FAA, mamlaka ya anga ya kule, wanakubali.

Ila nchi nyingi nje ya Marekani hazihesabu hivyo. Mimi nilirudi na leseni halali ya Marekani na logibuku iliyojaa, nikaipeleka mamlaka ya anga nibadilishiwe leseni. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole, hana kelele. Alichukua rula na penseli, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Kila alipokuta jina la mwenzangu kwenye safu ya maelezo, alisimamisha rula na kuuliza: "Hapa rubani mkuu alikuwa nani?" Nikijibu ni mimi, anauliza, "Na yeye alikuwa nani?" Kisha anaweka alama ndogo pembeni. Mwishoni akanieleza bila kuzunguka: Cessna 172 imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo kwa taratibu zao rubani mkuu ni mmoja, na aliyekaa kuangalia nje ni abiria mwenye macho mazuri. Masaa yote niliyokaa pembeni yakafutwa.

Hakuishia hapo. Marekani ukishakuwa na leseni, hata unapofundishwa na mwalimu, ilimradi usukani umeshika wewe na ndege ni ya daraja ulilo na leseni nalo, unaruhusiwa kuandika saa hiyo kama mafunzo na pia kama urubani mkuu. Kwingine saa uliyokaa na mwalimu ni saa ya mafunzo tu, na mkuu ni mwalimu. Kwa hiyo yale masaa ya mafunzo ya vyombo na ya maandalizi ya CPL, ambayo niliyaona yameniongezea urubani mkuu, nayo yakahamishiwa safu nyingine. Kikabaki karibu nusu ya nilichokuwa nacho. Nikaanza upya kukodi ndege na kuruka peke yangu, kwa pesa ambayo familia ilikuwa imeshaimaliza kwenye kile kifurushi.

Sasa tuje kwa aliyenipeleka huko. Wakala wangu alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kama dua: "ICAO ni ICAO, dunia nzima wanaitambua." Ningependa kila mtu anayefikiria urubani aijue sentensi hiyo na aikimbie. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, haitoi leseni kwa mtu yeyote. Inaweka viwango vya chini, na kila nchi inaandika kanuni zake juu ya hapo, na inaruhusiwa kutofautiana na viwango hivyo ikishatoa taarifa. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Leseni ya Marekani inakupa haki ya kurusha ndege za usajili wa Marekani, zile zinazoanza na herufi N. Ukitaka kurusha ndege yenye usajili wa kwenu, mwenye neno la mwisho ni mamlaka ya kwenu. Wakala yule alikuwa anajua au hakujua? Vyovyote vile alichukua kamisheni kwa jambo ambalo lingemchukua barua pepe moja kuliuliza, na nilipompigia baadaye akaniambia nilipaswa kuuliza mwenyewe. Nina hasira naye mpaka leo na sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo barua kwanza, tiketi baadaye. Andika kwa kitengo cha leseni cha mamlaka ya nchi utakayofanyia kazi. Usiwaulize "je, mnatambua shule za Marekani?" kwa sababu watakujibu "ndiyo", na jibu hilo halitakusaidia chochote. Uliza vitu vyenye mipaka. Saa ya rubani wa usalama mnaiweka safu gani? Saa niliyoruka na mwalimu nikiwa tayari na PPL, ni urubani mkuu au mafunzo? Simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege ardhini, mnakubali masaa mangapi? Kiwango cha ICAO cha CPL ni masaa 200, au 150 kama umepita kozi iliyoidhinishwa, na urubani mkuu ni 100, au 70 kwa kozi hiyo. Waulize shule uliyoitaja wewe, kwa jina lake, wanaiweka kundi lipi, kwa sababu Marekani kuna shule za Part 61, zisizohitaji mtaala ulioidhinishwa, na za Part 141, zenye mtaala ulioidhinishwa na FAA. Hata huko kwenyewe masaa ya CPL hayafanani: 250 kwa Part 61, na yanaweza kushuka hadi 190 kwa Part 141. Uliza pia kuhusu ile safari ndefu ya urubani mkuu ya kilomita 540 yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti: wanataka ushahidi gani? Ambatanisha ukurasa wa logibuku ulioujaza kwa mfano, safu zote, uwaombe wakuonyeshe wangeusomaje. Ofisa ambaye hajibu swali la jumla mara nyingi hujibu ukurasa.

Jibu la simu silihesabu. La mdomo getini pia hapana. Anayekujibu leo anaweza kuhamishwa kesho, na anayekaa kwenye kiti chake hatajua mlizungumza nini. Unataka barua au barua pepe ya ofisi yenye jina na cheo cha aliyeandika, uiweke pamoja na vyeti vyako.

Na kama mtakwenda wawili, gharama mnaweza kugawana bila hesabu hiyo: mmoja anarusha kwenda kama mkuu, mwenzake anarusha kurudi, kila mtu anaandika kipande chake tu. Masaa yanakuja polepole na yanauma mfukoni, lakini hayo hakuna penseli itakayoyagusa.

Jambo jingine nimeona wakala wako amekuahidi utabaki huko ukifundisha ili ujaze masaa. Muulize viza gani. Shule nyingi za urubani za Marekani zinatoa hati ya viza ya M-1, ya wanafunzi wa ufundi, na kwa hiyo mafunzo ya vitendo baada ya kozi hayazidi miezi sita. F-1, ya wanafunzi wa masomo ya kawaida, inaweza kufika miezi 12. Kama hajui tofauti ya hizo mbili, hana ahadi ya kukupa. Pia kwa mafunzo kama ya vyombo hutagusa usukani kule kabla TSA, idara yao ya usalama wa usafiri, hawajamaliza uchunguzi wao wa usalama, kwa hiyo huo mwisho wa mwezi anaokukimbiza nao ni wake, si wako.

Malipo ya mkupuo usifanye hata kama mamlaka imekujibu vizuri. Shule za urubani hufilisika, zimefilisika hata Ulaya zikiwa na ada za wanafunzi, na mwanafunzi hupanga foleni nyuma ya benki. Lipa kwa vipande, kila kipande kikiisha angani.

Florida au Afrika Kusini? Florida majira ya joto ngurumo za mchana zinakubakiza chini, unaruka alfajiri. Eneo la Johannesburg liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Cessna yenye watu wawili siku ya joto inapanda kwa shida na utajifunza mengi. Kote kuwili mtu anatoka rubani. Chagua ile ambayo mamlaka yako imeandika kwamba masaa yake itayapokea yote.

Ukipata jibu lao libandike hapa, ficha jina lako, tulisome wote kabla hujamtumia wakala hata senti. Kama wamechelewa kujibu, nitumie rasimu ya barua yako nikusaidie kuikaza.