Re: Kilo zimegoma wiki ya tatu

Dada, umesema umetoka kilo 92 hadi 84, na sasa wiki tatu mizani haisogei ingawa unakula vilevile. Tatizo ni hilo "vilevile": mwili wa kilo 84 unatumia nishati kidogo kuliko wa 92, hivyo sahani iliyokupunguza mwanzoni sasa inakutosha tu.

Anza na mafuta. Yapime kwa kijiko cha chakula. Kimoja kina kalori kama 120, na ukimimina kwa macho kutoka kwenye dumu, viwili vya ziada hupita hivi hivi. Yale makombo ya chapati za watoto nayo ni chakula, samahani.

Kisha punguza ugali au wali kwa robo, ongeza mchicha na maharage au dagaa ili njaa isikusumbue. Kuruka mlo sikushauri, usiku utalipiza.

Jipime asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Chumvi nyingi au kukaribia hedhi huleta maji yanayoficha hata kilo nzima. Kama tepu ya fundi cherehani inaonyesha kiuno kinapungua, usibadili kitu kwanza.