Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Lami na ya Vumbi kwa Gari Moja

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninaishi Mafinga na ninaendesha Toyota Prado ya mwaka 2012, ya dizeli, yenye matairi ya 265/65R17. Siku nyingi ninazunguka mjini, mara mbili kwa juma ninakwenda shambani Mufindi kwa barabara za udongo mwekundu, na angalau mara moja kwa mwezi ninashuka Dar es Salaam. Msimu wa mvua uliopita nilikwama mara kadhaa. Sasa matairi yamekaribia kuwa vipara, na kijana wa dukani ananishauri niweke matairi ya matope yenye kashata kubwa (yale mabonge ya mpira usoni mwa tairi), tena ya 265/70R17 ili gari linyanyuke. Mume wangu anasema A/T ya kawaida, yaani tairi la lami na vumbi kwa pamoja, inatosha. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mafinga.

JIBU: Dada yangu, msikilize mume wako, ingawa neno “ya kawaida” nitalirudia baadaye kwa sababu lina mtego ndani yake.

Tuanze na hesabu ya njia zako, kwa maana tairi huchaguliwa kwa kuangalia barabara kabla ya kuangalia gari. Safari moja ya kwenda Dar es Salaam na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami tupu, na hata kama shamba lako liko kilomita 30 kutoka mjini, safari zake zote za mwezi hazifikii nusu ya hizo. Lakini wingi wa kilomita si hoja pekee, wala si hoja kubwa kuliko zote. Ukikwama kwenye tope la Mufindi utachelewa, utachafuka, na utatafuta vijana wa kukusukuma au trekta la kukuvuta. Ukipoteza mshiko kwenye kona za mlima Kitonga mvua inanyesha, huku lori la mbao liko mbele yako na basi liko nyuma, hapo hakuna cha kusukumwa. Kwa maoni yangu, mtu anayetumia lami na vumbi kwa pamoja anapaswa kwanza kuuliza tairi linafunga vipi breki kwenye lami iliyolowa, kisha ndipo aulize linavyofanya kazi kwenye tope. Madukani wengi wetu tunauliza kinyume, kwa sababu kashata kubwa zinapendeza macho.

Tairi la matope limetengenezwa kwa kashata ndefu zilizoachana sana, ili tope liingie kwenye nafasi hizo na kutupwa nje gurudumu linapozunguka kwa kasi. Nafasi hizohizo zinapunguza kiasi cha mpira kinachogusa lami, na kashata zenyewe, kwa kuwa ni ndefu na zimesimama peke yake, huyumba unapokata kona au unapofunga breki ghafla. Aidha, nyingi hazina mikato midogo ya kutosha juu ya uso wake, na mikato hiyo ndiyo inayolisaidia tairi kushika penye utando mwembamba wa maji. Ongeza kelele, mafuta zaidi, na kuliwa kwa haraka na bila usawa, kisha uliza kama faida yake unaihitaji kweli.

Kwa udongo wako, jibu ni kwamba unaihitaji kidogo tu. Barabara nyingi za udongo mwekundu zilizochongwa na kushindiliwa, zinaponyeshewa, huwa na utelezi juu na ugumu chini. Kashata za A/T nzuri hupenya utando ule na kufikia pale pagumu. Mambo ni tofauti kabisa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao hushika tairi, hujaza kila nafasi, na kuligeuza hata tairi la matope kuwa mviringo laini kama mkate. Huko hakuna tairi la kununua. Kuna kusubiri jua.

Sasa nirudi kwenye ule mtego. Herufi A/T ubavuni mwa tairi hazina kipimo rasmi kinachomlazimisha mtengenezaji, na kila kampuni huziandika inavyoona. Dunlop Grandtrek AT20, ambalo Toyota nyingi zilitoka nalo kiwandani, lina herufi hizo, lakini kwa umbo liko karibu zaidi na tairi la lami. Ukilinganisha na BFGoodrich All-Terrain T/A KO2, utaona kwamba herufi ni zilezile ilhali matairi ni ya aina mbili. Kwa hiyo usinunue herufi. Litazame bega la tairi, yaani pale uso unapokutana na ubavu, na uone kama kashata zimekatwa wazi hadi pembeni au zimezibwa. Uliza pia kina cha mifereji: tairi jipya la lami kwa magari kama lako huwa na milimita 8 au 9 hivi, A/T nyingi huwa kati ya 10 na 13, na ya matope huvuka hapo. Kwako wewe ningetafuta A/T ya katikati, yenye bega lililo wazi, kashata zisizoachana mno, na mikato midogo mingi juu yake. Kama tairi limebandikwa lebo ya Ulaya, soma daraja la mshiko penye maji, linaloanza na A ambayo ndiyo bora na kushuka hadi E, na ulipe uzito kuliko maneno ya matangazo.

Kuhusu kupandisha saizi, hesabu haimwungi mkono kijana wa dukani. Tairi la 265/65R17 lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17, hivyo kipenyo chake chote ni milimita 776. La 265/70R17 linafika milimita 803. Tofauti ni milimita 27, lakini gari hunyanyuka kwa nusu yake tu, yaani milimita 13, ambayo ni karibu upana wa kidole. Kwa kidole hicho utapata spidomita inayosoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3, gari zito zaidi kuondoka na kusimama, na pengine tairi linalokwaruza ndani ya bodi unapokata usukani hadi mwisho. Wasomaji wenye Prado za rimu 18, za 265/60R18, wao wana njia nzuri zaidi: wakishuka kwenye rimu 17 na kuweka 265/65R17, kipenyo kinabaki karibu kilekile, ila ubavu unaongezeka kutoka milimita 159 hadi 172, na ubavu mrefu ndio unaomeza mashimo na mawe kabla hayajafika kwenye rimu.

Dukani utaonyeshwa pia matairi ambayo saizi yake inaanza na herufi LT, yaani ya malori mepesi, yenye nyuzi nzito zaidi, na utaambiwa kwamba ndiyo imara. Ni imara kweli, lakini kwa kazi gani? Tairi lako la sasa huenda limeandikwa 112S. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa kila tairi, yaani kilo 4,480 kwa manne, wakati Prado iliyojazwa kama sheria inavyoruhusu haivuki tani 3. S ni kasi ya kilomita 180 kwa saa, ambayo hutaihitaji. Mzigo basi si sababu ya kununua LT. Sababu yake ni mawe makali, na Mufindi huna mengi. Utakachopata ni tairi zito kwa kilo kadhaa, gumu linapopita kwenye mashimo, na linalodai upepo mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Jambo la mwisho kwako ni kwamba ununue manne kwa pamoja, ya aina moja, na ikiwezekana na la tano la spea. Prado nyingi za umbo hilo huendesha magurudumu yote manne wakati wote, huku difu ya katikati ikigawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukiweka mawili mapya mbele na kuacha mawili yaliyolika nyuma, vipenyo vinatofautiana, na difu ile italazimika kufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Baada ya hapo badilisha nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 na kagua alaimenti, kwa sababu kashata za A/T zikianza kuliwa upande mmoja hupiga kelele ambayo haiondoki tena. Na siku za shambani, punguza upepo kwa robo hivi unapoacha lami, endesha taratibu, kisha ujaze tena kabla ya kurudi barabara kuu; kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari inatosha. Nina hakika nusu ya kukwama kwako kungeisha kwa hilo peke yake.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni dereva wa Hilux ya kazi hapa Marsabit. Njia zangu ni Loiyangalani na North Horr, na mara kwa mara ninateremka Nairobi kuchukua mizigo. Matairi ya A/T niliyonayo yana kashata nzuri bado, lakini mawili yamepasuka ubavuni kwa mawe. Je, nihamie matairi ya matope? – Dereva, Marsabit.

JIBU: Ndugu yangu dereva, kwako wewe ushauri unageuka, kwa kuwa adui yako si tope bali ni yale mawe meusi ya volkeno yanayokata kama kioo. Tairi likichomwa usoni, fundi wa pancha analiziba na safari inaendelea. Likipasuka ubavuni halina dawa ya kuaminika. Hivyo kitu cha kununua ni ubavu, na LT niliyomkataza msomaji wa Mafinga ndiyo ninayokupendekezea wewe. Tafuta A/T ya LT ambayo kashata zake zinashuka kidogo ubavuni, na uulize ubavu wenyewe una nyuzi za tabaka ngapi. Usitosheke na maandishi ya 10PR, kwa sababu siku hizi namba hiyo ni kipimo cha nguvu wala si hesabu ya tabaka. Ukiona namba mbili za mzigo, mfano 120/117, ya kwanza ndiyo yako, nayo ni kilo 1,400. Ya pili ni ya magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma.

Tairi la matope lina uso mnene, na kama ungekuwa hushuki Nairobi kamwe nisingekuzuia. Lakini kutoka Marsabit hadi Nairobi yote ni lami, nawe unarudi na mzigo, kwa hiyo A/T ya LT inakufaa zaidi.

Zaidi ya aina ya tairi, angalia upepo na kasi. Kwenye mchanga wa jangwa la Chalbi ukiwa mkavu, shusha hadi psi 18 hivi ili tairi litandae na kuelea juu ya mchanga, wala usikate kona kwa ghafla, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. (Chalbi ikiwa imelowa, usiingie kabisa.) Kwenye mawe usishushe kiasi hicho, kwa maana ubavu uliovimba nje ndio unaojipeleka wenyewe kwenye ncha ya jiwe, punguza kidogo tu, na badala yake upunguze mwendo. Madereva wengi hupita kasi ili gari lisitikisike kwenye mawimbi ya barabara, na ni kweli gari hutulia, ila jiwe ambalo kwa mwendo wa taratibu lingesukumwa pembeni, kwa kasi hupasua. Kwa njia zako spea moja haitoshi. Beba mbili, na zote zijae upepo kabla hujatoka mjini.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimepokea Suzuki Escudo kutoka Japani. Matairi yake ya 225/70R16 yana kashata nene kabisa na ubavuni yameandikwa STUDLESS, pamoja na namba 4014. Rafiki zangu wananiambia nina bahati, nimepata A/T za bure. Ni kweli? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Si kweli. Hayo ni matairi ya majira ya baridi, yaliyotengenezwa kwa barafu na theluji za Japani. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini penye baridi kali, na kwenye lami ya Mwanza mchana hulainika kupita kiasi, ukaliwa haraka na kuyumba unapofunga breki. Unene wa kashata unaouona ni mwingi kwa macho tu. Usichanganye neno STUDLESS na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, ambayo utaikuta hata kwenye A/T nzuri; ile inaonyesha tu kwamba tairi limefaulu jaribio la theluji, na kwetu haina faida wala hasara kubwa.

Hiyo namba 4014 inamaanisha juma la 40 la mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima, kwa sababu mpira hukakamaa na kupasuka ndani pasipoonekana. Yako yaondoe, yasibaki hata kama spea. Ukienda kununua mengine, soma namba hizo nne kwenye kila tairi, si kwenye moja tu, na kwa kuwa mara nyingi huandikwa upande mmoja pekee, mwombe muuzaji aligeuze kabla hujalipa.