Startapu ya muziki: kabla hujauliza wanatumia fremuweki gani, uliza nani anasimama getini

Mkuu mleta mada, nimeupitia uzi wako mpaka huku chini naona wengi wanakujibu kimkato tu, mara nenda, mara baki benki. Kama nimekuelewa, umeitwa kazi ya udevelopa kwenye startapu ya muziki hapa Dar, mshahara uko chini ya unaolamba sasa hivi benki, wamekuahidi hisa, na wamekwambia wao wanatumia teknolojia mpya zote za wavuti kwa hiyo utajifunza mengi. Halafu na wewe ni mtu wa matamasha, ndo maana roho inakuvuta. Mimi nimekaa sehemu ya namna hiyo miaka kadhaa, jina naliacha maana wale jamaa bado tunasalimiana vizuri, ngoja nifunguke.

Nianze na hilo la teknolojia mpya, hizo fremuweki (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari vya kujengea tovuti) na wenzake, maana ndo chambo chenyewe. Kwenye hizi startapu bosi akienda kongamano la wawekezaji akirudi tu lazima kuna kitu kinabadilika. Kuna kipindi tuliandika upya tovuti nzima kwa JavaScript ya kisasa, ile lugha ya kuprogramu kurasa za wavuti, ukurasa ukawa unapendeza kweli kwenye laptopu ya ofisini yenye faiba, ila kwenye Tecno ya msikilizaji wa Tandale ambayo memori imejaa video za WhatsApp ilikuwa inazunguka tu weee mpaka mtu anaghairi. Ikaja 2021 kila mtu anaimba NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki, msanii atauza wimbo wake kwa blockchain, ile daftari ya pamoja ya mtandaoni inayobeba sarafu kama bitcoin, tukakaa vikao vya kutosha, hakuna shabiki hata mmoja aliyewahi kuiulizia. Sasa hivi ni AI, hiyo utaikuta wewe. Sisemi teknolojia haina maana, nasema kinachomuuma mteja ni vitu vidogo ambavyo havipandishwi jukwaani kwenye kongamano.

Mfano saizi ya faili. Wimbo wa dakika nne kwa kbps 128 (kiasi cha data kwa kila sekunde) unakula karibu MB 4. Ukiushusha mpaka kbps 48 kwa Opus, namna mpya ya kubana sauti, unashuka mpaka kama MB 1 na nusu, na kwa spika ya simu au earphone za buku mbili mtu wa kawaida hasikii tofauti ya maana. Kwa mtu anayenunua bando la siku hiyo ni zaidi ya mara mbili ya nyimbo anazosikiliza. Kazi yenyewe haina mbwembwe yoyote, unakaa na ffmpeg, programu ya kubadili faili za sauti na video, unabadili maelfu ya nyimbo, halafu unagundua Safari ya kwenye iPhone za wakati ule haipigi Opus iliyo kwenye faili la aina ya Ogg, kwa hiyo wale wa iPhone unawatengenezea aina nyingine, AAC, yaani kila wimbo unakaa kwenye seva kwa sura tatu nne na bili ya kuhifadhi inapanda. Lakini hiyo ndo ilifanya watu wasikilize mpaka mwisho, sio ile tovuti mpya.

Au ule mwaka 2018 Chrome walipobana sauti isijipige yenyewe mpaka mtu aguse skrini. Pleya nyingi za wavuti zilikufa kimya kimya, mtu anafungua linki anaona wimbo umesimama, anadhani tovuti mbovu. Na bado kuna simu zenye tabia ya kuua chochote kinachopiga muziki skrini ikizimwa ili zitunze chaji, hapo unapambana na simu ya kampuni moja moja. Mpinzani wako mkubwa naye wala sio Spotify, waliofika rasmi Tanzania na Kenya mwaka 2021, wala Boomplay. Ni mtu wa kibanda cha kujazia nyimbo kwenye memori kadi pamoja na magrupu ya WhatsApp, na hao hawahitaji loading.

Kitu kingine wakikuita interview uliza bakapu za nyimbo ziko wapi. MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma kabla ya Facebook, 2019 walikiri wamepoteza nyimbo zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi, mamilioni, kisa kuhamisha seva. Na wale walikuwa wakubwa. Kuna wasanii wa hapa kopi pekee ya wimbo wao wa kwanza iko kwenye seva yenu, studio ilishafungwa na produsa kompyuta yake iliibiwa zamani.

Haya, twende kwenye hela. Kustrimu hakulipi startapu ndogo, tuambiane ukweli. Matangazo ni senti, watu wa kulipia kwa mwezi ni wachache, na msanii kila siku yuko mlangoni anauliza mbona nimesikilizwa mara elfu thelathini nimepata hela ya vocha. Huwezi kumlaumu. Hata Spotify kuanzia 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka hauhesabiwi kwenye mgao kabisa, sasa jiulize msanii chipukizi wa Mbagala yuko upande gani wa huo mstari. Msanii wa huku anakula kwenye shoo. Na miito ya simu kwa muda mrefu ilikuwa inawaingizia kuliko hizo apu, ingawa nayo mgao wa kampuni ya simu ni mkubwa usipime. Kwa hiyo startapu nyingi za muziki, zikishaona giza, zinageukia tiketi za matamasha. Ya kwetu iligeuka, na yako kama bado basi itageuka, ndo maana nikaweka kile kichwa cha habari.

Getini ndo kuna uhandisi wenyewe mzee. Piga hesabu na mimi, watu 6,000, mistari minne. Ukiskani tiketi kwa sekunde 5, kila mstari unapitisha 720 kwa saa, jumla 2,880, ndani ya masaa mawili na kidogo wote wameingia. Sasa tiketi ikichukua sekunde 20 kwa sababu simu ya kuskani inasubiri jibu la seva, mstari unapitisha 180 tu, jumla 720 kwa saa, hapo unahitaji zaidi ya masaa nane, yaani msanii mkubwa anamaliza watu wako nje. Na tangazo linasema milango saa 12 jioni ila wabongo unawajua, wote wanatokea kati ya saa 3 na saa 4 usiku kama wamepigiwa filimbi.

Na mtandao utakuwa mbovu, hilo usijidanganye. Maelfu ya watu wamebanana sehemu moja, kila mmoja anatupia status, mnara mmoja unawahudumia wote, simu inakuonyesha baa nne lakini hakuna kitu kinapita. Promota anakwambia "mtandao upo, nimejaribu jana". Jana palikuwa na mafundi jukwaa na wauza maji!

Kwa hiyo QR inabidi ijitegemee, iwe na saini ya kidijitali ndani yake ili simu ya getini iweze kujua hii ni halali bila kuuliza seva. Hiyo inaua tiketi feki. Haiui skrinishoti. Mtu ananunua moja anarusha kwa washkaji wanne, kila mmoja anaenda geti lake, na kama simu za mageti haziongei zote zitasema karibu sana. Dawa iliyotufaa ilikuwa ya kizamani kabisa, ruta moja ya Wi-Fi isiyo na intaneti hata kidogo, laptopu moja chini ya meza inafanya useva, simu zote za kuskani zimeunganishwa hapo, orodha yote ya tiketi imeshushwa mchana. Tiketi ikisomwa geti A, geti C linajua papo hapo. Geti la mbali tukalivutia waya maana Wi-Fi haipenyi kirahisi kwenye umati, mwili wa mtu ni maji matupu unameza mawimbi. Na UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, kwa sababu jenereta la getini ndo hilo hilo la wauza bia na friji zikiwaka pamoja taa zinafifia.

Sasa hapo hujamkuta mtu mwenyewe. Kuna dada alifika kioo kimepasuka katikati kabisa ya ile QR, mistari imeikata vipande vipande, mwanga wa skrini ameushusha mpaka mwisho kutunza chaji iliyobaki asilimia mbili, nyuma yake watu wanasukuma, baunsa anamwambia pisha pembeni. Anasema kwa upole tu "kaka mimi nimelipa, angalia na meseji". Hapo ndo utajua kwa nini kila tiketi lazima iwe na msimbo mfupi wa herufi na namba unaokuja kwa SMS ya kawaida, na mtu wa getini aweze kutafuta kwa tarakimu nne za mwisho za namba ya simu. Tuliiweka ile kwa ajili ya wenye vitochi, ikaja kuokoa wenye iPhone waliozimikiwa.

Malipo ya simu nayo yana kisirani chake. Mteja anapokea kile kidirisha cha kuweka namba ya siri, anaweka, hela inakatwa, lakini taarifa ya kwamba amelipa inachelewa kufika kwenu, kwake inaonekana imefeli, analipa tena. Kesho asubuhi simu za matusi. Ukienda huko waulize wana utaratibu gani wa kuuliza hali ya muamala wenyewe badala ya kukaa wanasubiri waambiwe, na kama kila oda ina namba yake moja ambayo haiwezi kutoa tiketi mbili hata taarifa ikija mara tatu. Wakikukodolea macho ujue wewe ndo utakuwa unapokea hizo simu.

Halafu kuna wageni wa bure, aisee. Hakuna programu inayotatua hiyo. Msanii anakuja na watu ishirini, wote ni "timu". Mdhamini ana orodha yake, kituo cha redio kina yake, mjumbe wa serikali ya mtaa ana yake kichwani. Promota anataka uwaingize wote ila mwisho wa usiku hesabu ya waliolipa iwe sawa na waliopo ndani. Tulikuwa tunatoa mikanda ya mkononi ya rangi tofauti na orodha inafungwa saa 10 jioni, baada ya hapo ukitaka kumwingiza mtu unasaini mwenyewe promota. Ugomvi ulipungua, haukuisha.

Ila kwa raha, usiku ukishanyooka kuna raha ambayo benki hutaipata. Geti limetulia, unazunguka nyuma ya jukwaa unakuta bendi inapiga laivu kweli kweli, besi inakugonga kifuani. Ndo utaanza kuchagua shoo pia, utachoka na hizi za msanii kushika maiki juu ya CD. Mimi ndo maana kila nikipata nafasi Februari navuka kwenda Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004, pale Ngome Kongwe hakuna pleibeki, taarab, ngoma, bendi za kutoka kote Afrika, na mafundi sauti wanajua kazi yao. Kwa pale napenda kuwa shabiki tu, sishiki simu ya mtu.

Kuna mdau hapo juu kasema mustakabali ni kurusha matamasha mtandaoni. Tuliijaribu hiyo 2020 mikusanyiko iliposimamishwa. Video ya Mbps 1, ambayo sio hata HD nzuri, inakula karibu MB 450 kwa saa, shoo ya masaa matatu ni GB 1.3 na ushee. Mteja analipa kiingilio halafu analipa bando ambalo pengine linazidi kiingilio. Diaspora wa Uingereza na Marekani na wa Omani walinunua, hao wana Wi-Fi ya nyumbani na wana hamu ya nyumbani. Wa hapa walisubiri vipande YouTube.

Kuhusu mshahara na hisa sasa. Wikendi zako sahau, shoo ni Ijumaa na Jumamosi na Jumatatu asubuhi kikao kiko pale pale. Hisa za mdomoni achana nazo. Omba barua inayosema ni asilimia ngapi, ya kampuni ipi hasa, unazipata kwa awamu zipi, na ukiondoka au ukiondolewa zinakuwaje. Maana kuna kampuni iliyosajiliwa hapa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, na kuna nyingine iliyosajiliwa Delaware kule Marekani kwa ajili ya wawekezaji, na unaweza kupewa hisa za ile isiyo na kitu. Nenda BRELA ulipie uangalie wenye hisa ni kina nani kabla hujasaini, wala usione aibu. Akiba ya miezi kadhaa iwe nayo pia, mshahara ukichelewa huko hauchelewi siku mbili tu.

Na yule aliyeuliza ajifunze kutengeneza apu au wavuti: kwa tiketi ni wavuti, tena nyepesi, hakuna mtu atapakua apu ya MB 40 kwa ajili ya usiku mmoja. Kwa kusikiliza ni apu, kwa sababu mtu anataka ashushe nyimbo kwa Wi-Fi ya kazini asikilize kwenye daladala data imezimwa. Ukijua JavaScript vizuri bila kutegemea fremuweki na ukaielewa HTTP, yaani namna simu na seva zinavyoongea, na jinsi malipo ya simu yanavyorudisha taarifa, kazi utapata kwao au kwa jirani yao.