Nataka kukimbia kwa ajili ya kumkumbuka binti yetu: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu mshauri, ninaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Oktoba mwaka jana tulimpoteza binti yetu wa miaka saba kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Nimeazimia kukimbia kutoka Bahi hadi Dodoma siku atakapotimiza mwaka tangu afariki, ili nichangishe fedha za kununulia hospitali mashine itakayowasaidia watoto wenye ugonjwa huo. Sijawahi kukimbia mbio ndefu. Mke wangu hapingi, ila hataki picha ya mtoto iwekwe kwenye fulana. Naye baba yangu mkubwa anasema kwamba huko ni kuuanika msiba barabarani na kuomba fedha kwa jina la marehemu. Nifanyeje?
Baba wa watoto wawili

JIBU: Pole sana, baba, wewe pamoja na mama wa marehemu. Azma yako ni njema nami ninaiunga mkono kwa moyo wote, lakini ninakuomba ubadili tarehe, upunguze masafa, na ufikiri upya kuhusu hiyo mashine.

Kabla hujanunua viatu, nenda ukapime damu. Mtoto huzaliwa na selimundu anaporithi vinasaba vya ugonjwa huo kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo ni karibu hakika kwamba wewe mwenyewe ni mbebaji, yaani unacho kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, hata kama hujawahi kuugua kwa sababu hiyo. Wabebaji wengi hucheza na kukimbia maisha yao yote bila shida. Hata hivyo, inajulikana kitabibu kwamba mazoezi makali ambayo mwili haujayazoea, hasa penye joto na kwa mtu aliyepungukiwa maji, yanaweza kuharibu misuli ya mbebaji na kumwangusha ghafla, na wapo waliopoteza maisha kwa namna hiyo. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndipo joto lake huwa kali zaidi. Kutoka Bahi ni zaidi ya kilomita 50, tena katika barabara kuu ya Singida yenye malori na mabasi muda wote. Mkeo amekwisha kuzika mtoto, nami siwezi kukushauri umwongezee hofu ya kukupoteza na wewe. Ukienda kupima, nenda na hao watoto wawili pia kama hawajapimwa, kwa kuwa kila mtoto wa wazazi wabebaji ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa na ugonjwa huu.

Majibu yakiruhusu, jiandae kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, au hata kilomita 10, na uifanye karibu na tarehe 19 Juni, ambayo ni Siku ya Selimundu Duniani. Juni ni msimu wa baridi Dodoma, na ukianza alfajiri utamaliza kabla jua halijapanda. Anza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, siku tatu kwa wiki, ukiongeza masafa kidogo kidogo. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, hakufika huko kwa azma peke yake. Kunywa maji ya kutosha, na ukisikia misuli inauma au inaishiwa nguvu isivyo kawaida, simama hapo hapo. Mkojo ukiwa mweusi, wahi hospitali. Wajulishe mapema polisi wa usalama barabarani na afisa michezo wa jiji.

Kuhusu mashine, nenda kwanza kliniki inayowahudumia watoto hawa, ukamuulize muuguzi mfawidhi ni kitu gani kinachokosekana. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma, imekwisha kuanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, lakini watoto walio wengi wanachohitaji ni haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huu, kila siku bila kukosa, kadi ya bima iliyo hai, na nauli ya kutoka Mpwapwa au Kondoa kuja kliniki. Kwa maoni yangu, kuwahakikishia watoto wachache mahitaji hayo kwa mwaka mzima kuna faida kubwa kuliko mashine isiyo na fundi wala vipuri. Waombe pia wakimbiaji wachangie damu, kwa sababu watoto hawa huongezewa damu mara kwa mara. Wafanye hivyo wiki kadhaa baada ya mbio, wala si siku ile ile.

Suala la picha halina mjadala: mama amesema hapana, na iwe hapana. Fulana zinaweza kuandikwa kwamba mbio ni kwa ajili ya watoto wenye selimundu, na wanaowafahamu watajua ni nani anayekumbukwa. Oktoba iacheni iwe siku ya familia, ya sala na ya kwenda kaburini.

Baba yako mkubwa usimpuuze, kwa maana hofu yake ina msingi; michango mingi ya misiba imeishia katika minong'ono. Omba kibali cha maandishi cha kuchangisha, fungua akaunti maalumu isiyo ya jina lako, gharama zako za viatu na maji zilipie mwenyewe, na fedha zikabidhiwe kwa stakabadhi mbele ya wachangiaji. Akaunti iwe na watia saini watatu. Nenda kwake pamoja na mkeo, mkamweleze mpango huu mpya, kisha mwombe awe mmoja wa hao watatu.