Msiulize Digrii Ipi Rahisi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, Ngamiani nzima, hapa Tanga, inageuka ofisi ya udahili. Mwaka huu nimewasikia tena vijana wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, biolojia) barazani, Barabara ya 12: hesabu ni laini kwa kuwa haina maabara, kemia inatesa, biolojia ni kukariri, fizikia waachiwe vichwa. Wadogo zangu, hayo hayo waliambiana kaka zenu, na wapo waliokula disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kabla ya mwaka wa pili. Nawapenda, ndiyo maana nakasirika.

1. A ya kidato cha sita haikuhakikishii hesabu ya chuo.

Mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa Makorora, alikuwa anafanya intigresheni kichwani wenzake wakihangaika na karatasi. Akachagua hisabati ili mchana awe huru. Semista ya kwanza ikampa moyo, maana kalkulasi ilikuwa mambo aliyokwisha kuyaona. Ikaja analisisi, hesabu ya kuthibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi. Testi ikauliza: thibitisha kwamba mifuatano miwili ya namba yenye vikomo, yaani kila mmoja una namba unayoisogelea, ukiijumlisha, kikomo cha jumla ni jumla ya vikomo. Akaandika mifano mitatu yenye namba, kisha "ni dhahiri". Akapata sifuri.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pale mifano haithibitishi kitu. Mwenzako anakupa epsiloni, yaani umbali, ndogo apendavyo, nawe unamtafutia N, nafasi ambayo kuanzia hapo mfuatano hauwi mbali na kikomo chake kupita epsiloni hiyo. Kwa mifuatano miwili unaigawa epsiloni nusu kwa nusu, unachukua N iliyo kubwa kati ya mbili ulizopata, umemaliza. Ni mistari minne, lakini asiyejua kwa nini nusu hawezi kuitunga. Yeye akaikariri, pamoja na nyingine zote zilizokuwa kwenye madesa, notsi za kurithishana. UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikaleta kuzidisha badala ya kujumlisha, na nusu kwa nusu peke yake haikumfikisha. Sapu, mtihani wa marudio, nayo ikamshinda, akaibeba kosi ile hadi mwaka uliofuata.

Kilichoniuma zaidi ni ukimya wake. Aliyezoea kuwafundisha wenzake aliona haya kuuliza, akawa haendi seminari, na nyumbani akisema kila kitu shwari. Mama mdogo alijua baadaye sana. Kijana aliinuka alipojiunga na wenzake wawili wakawa wanabishana ubaoni, kila mstari mtu anaulizwa: umeutoa wapi huu? Leo ukimtajia Weierstrass, mwanahisabati Mjerumani aliyeonesha mwaka 1872 grafu isiyokatika popote na ambayo huwezi kuichorea mstari wa mguso kwenye nukta yoyote, anasimama kukueleza hadi chai ipoe.

2. Kemia inakula saa.

Kila mtu Tanga anajua mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoyeyushwa na maji yenye tindikali. Chuoni utaulizwa kwa kasi gani, kwenye joto gani, na kipimo chako kina kosa kiasi gani, kisha uandike ripoti wakati wiki ijayo kuna nyingine. Andika ripoti siku ile ile ya maabara.

3. Biolojia si kukariri tu.

Majina ni mengi kweli. Pale Amani, Usambara ya Mashariki, Wajerumani waliweka kituo cha utafiti mwaka 1902, na misitu ile ina mimea isiyoota kwingine duniani. Lakini Mendel aligundua kanuni za urithi kwa kuhesabu njegere, tatu kwa moja. Mnaokimbilia biolojia kwa kuogopa hesabu, takwimu inawasubiri huko, na jenetiki nayo, elimu ya urithi, imejaa hesabu za uwezekano (probabiliti).

4. Fizikia inakudai maabara ya mwanakemia na ubao wa mwanahisabati kwa pamoja. Shika aljebra ya matriksi kabla ya mekanika ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama atomu.

5. Usichague kwa kuangalia kosi za mwaka wa kwanza. Tafuta UE za mwaka wa pili na wa tatu za digrii unayoitaka, soma maswali yenyewe, uone ni yapi yanakukera na yapi yanakufanya utake kuchukua kalamu hata kama hujui jibu. Mwenye nazo azilete barazani baada ya Magharibi tuzipitie, na wa PCB waje pia, hasa wale waliosema hesabu wameachana nayo.