"Duka Hili Ni Lenu": Nibaki kwa Baba au Nikaajiriwe?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 24 na nilihitimu stashahada ya uhasibu mwaka jana. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na tangu nikiwa darasa la sita nimekuwa nikipima misumari na kuhesabu mabati kila likizo. Sasa chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Kakamega kimenipa kazi ya mkataba wa mwaka mmoja. Baba, ambaye magoti yameanza kumsumbua, hataki kusikia habari hiyo, husema tu, "Duka hili ni lenu, unakwenda kumtumikia nani?" Kaka zangu wawili wako Nairobi na hawana haja nalo. Nikienda nitaonekana nimemtupa mzazi, na nikibaki naogopa kuzeeka nikiomba nauli. Nifanyeje?
Binti wa Dukani, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, neno lililonishika ni hilo "lenu". Kinywani mwa mzazi ni neno la upendo. Kwa mhasibu, ambaye ndiye wewe, haliandikiki katika hesabu yoyote, kwa kuwa kaka zako wamo ndani yake ingawa hawajabeba hata mfuko mmoja wa saruji, na wewe utakayeshinda humo mchana kutwa umo kwa kiasi kile kile.

Kwa hiyo usimjibu ndiyo wala la kabla hujamwomba daftari la madeni. Unajua jinsi mafundi wanavyochukua mabati leo wakaahidi kulipa mwenye nyumba akiwalipa. Kaa na daftari hilo jioni mbili tatu, utenganishe wanaolipa ndani ya mwezi na wale ambao hata wino wa majina yao umefifia, kisha ujumlishe kilichotoka kwenye droo kwa ajili ya karo, matanga na unga. Maduka mengi yanayosemekana hayana faida huwa nayo, ila imeliwa nyumbani kabla ya kuandikwa. Baba akikunyima daftari, ujue anatafuta mtu wa kukaa kaunta tu, nawe nenda Kakamega bila kujilaumu.

Akikuonyesha, zungumzeni mshahara wa tarehe maalumu, wenye makato ya akiba ya uzeeni ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA kama ya mwajiriwa mwingine yeyote. Najua atacheka.

Kisha muulize duka limesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni jina la biashara la mtu mmoja, kisheria duka halitengani na mwenyewe: Mungu apishe mbali, akifariki bila wosia litaingia katika mirathi, akaunti yake ya benki itafungwa hadi mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na kaka zako watakuwa na haki sawa na yako hata kama umelilinda miaka 15. Usikimbilie kuandikwa mshirika pia, kwa maana mshirika wa kawaida hudaiwa hadi mali yake binafsi. Ningependelea kampuni ya hisa, ambayo kwa kawaida madeni yake hayamfuati mwenye hisa nyumbani. Maombi yake hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na baba anaweza kubaki na hisa nyingi huku zako zikiongezeka kwa kila mwaka unaofanya kazi. Kaka zako wawepo siku ya kugawanya, hata kwa simu, kwa sababu hisa za siri huishia mahakamani.

Yote haya hayamaliziki mwezi mmoja, na ndiyo maana naona uchukue mkataba huo. Kakamega si mbali. Unaweza kushuka Kisumu kila Jumamosi ukafunga hesabu za wiki, na baba akaajiri kijana wa kubeba mizigo ili magoti yake yapumzike. Huko kazini utajifunza namna ya kumfuatilia mdaiwa bila kugombana naye, jambo ambalo duka lenu linalihitaji kuliko rangi mpya. Mweleze baba jioni, duka likishafungwa, wala si mbele ya wateja.